Kikombe cha Kaeli Hujazwa Nusu

Nyie mnaojipanga getini Machame asubuhi, begi mgongoni, mkisubiri kuitwa majina, wengi wenu nawatambua kwa sura za baba zenu. Juzi mpishi mmoja kijana alinifuata nje ya kanisa baada ya ibada. "Meku, mzee wangu, shikamoo. Tuandikie basi mlivyokuwa mnapika zamani, kabla ya haya majiko ya gesi." Nikamwitikia marahaba, nikasema nitajaribu. Nimejaribu. Mimi niliishia darasa la saba, na kila nikianza habari za sufuria najikuta naandika habari za mtu mmoja. Nimefuta, nimeanza upya, na yeye amerudi. Basi nimemwacha abaki. Nimemwomba ruhusa mwenyewe, akasema niandike, ila nisimfanye mzuri kuliko alivyo.

Anaitwa Kaeli. Alikuwa mwongozaji mkuu wa kundi letu, nami nilikuwa mpishi wake miaka mingi.

Nianze na maharage, msije mkasema nimewahadaa. Safari yangu ya kwanza kama mpishi nilipanda na maharage makavu, nikayainjika kambi ya Karanga mchana mapema. Maji yakatokota vizuri mpaka nikajisifu. Jioni wapagazi, wale tunaowaita wagumu, walikaa na sahani zao wakatafuna kimya kama mbuzi waliovamia gunia la mahindi. Mmoja akanipa cheo cha chifu, akauliza, "Mangi, haya ni maharage au umetuokotea changarawe?" Aliyenifundisha kazi, mzee Ndelilio, hakunicheka mbele yao. Alinivuta pembeni. "Huku juu maji yanachemka upesi lakini hayana moto wa kuivisha. Maharage yaive nyumbani kwako. Huku unayapasha tu." Hilo nawapa kama nilivyopewa.

La pili alilonifundisha ni kwamba mpishi aoshe sahani mwenyewe, au angalau azione kabla hazijaoshwa. "Mgeni atakwambia yuko sawa kwa sababu anataka kufika kileleni," alisema. "Wewe tazama amebakiza nini." Nilidhani ni uzee. Baadaye nikawa namjua mgonjwa kwa supu aliyoiacha kabla hajashika kichwa. Si kila mara. Mara nyingine mtu ameacha supu kwa sababu supu ni mbaya, na hilo nalo mpishi hana budi kulikubali.

Sahani ya Kaeli ilikuwa inarudi imekwanguliwa. Ndiyo maana siku ile kambini Shira nilishtuka kuikuta imejaa, wali umeshapoa, na yeye amesimama katikati ya kambi anaimba.

Sitawadanganya, ilikuwa raha. Alikuwa amepanda na mzigo wa mtu mwingine juu ya wake. Koti lake zuri amempa mgumu mmoja aliyekuwa anatetemeka. Anawaeleza wageni habari za mawe, za nyota, za babu zetu, maneno yanafukuzana. Wagumu wanapiga makofi: "Mangi leo amewaka!" Nami nilipiga. Kisha akawaambia wageni wafunge mabegi, wapande mpaka kileleni leo hii hii, mlima unawaita. Msaidizi wake, Godlisten, ambaye wakati huo alikuwa bado kijana, akamwambia kwa upole, "Kaka, watu wamechoka. Hata maji hawajanywa." Kaeli akamgeukia na kumfokea kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwake. Mgeni mmoja, mama mwenye mvi, akasema yeye hainuki hapo. Kaeli akamtazama, akaketi juu ya jiwe, akalia mbele ya watu wote.

Tulimaliza safari salama, kwa busara ya Godlisten zaidi kuliko yangu. Ila safari nzima sikumkuta Kaeli amefumba macho hata mara moja.

Wiki chache baadaye nilikuwa nakata majani ya ng'ombe, mkewe Ndeshi akaja akasimama ng'ambo ya mfereji. "Baba Anna, njoo umwone mwenzako. Mimi nikimsemesha ananiambia ninyamaze. Labda wewe atakujibu." Nilimkuta Kaeli amelala ameugeukia ukuta. Migomba yake haijapunguzwa, ng'ombe analia kwa njaa. Nilikaa pale kitandani nikamsimulia habari za maharage yangu ya Karanga. Hakucheka. Alikuwa amemwambia mkewe maneno ambayo sitayaandika. Tangu siku alipoyasikia, Ndeshi alikuwa ameitoa kamba ya ng'ombe kwenye msumari wa zizi, akaificha chini ya kitanda cha mama mkwe.

Haikuwa mara ya kwanza. Mara ya kwanza majirani walisema ni pombe ya mbege, wengine wakasema ametupiwa jambo na mtu wa kundi jingine. Mchungaji wetu, nimtendee haki, alisema, "Tutaomba, na hospitali mtampeleka." Alipelekwa, akapewa dawa fulani. Ile dawa ilimfanya alale amekaa, mate yakimtoka, akaiacha mwenyewe bila kumwambia mtu. Siwezi kumlaumu. Mimi huwa naacha hata dawa ya kikohozi.

Safari hii tulikwenda watatu, hospitali kubwa mjini Moshi. Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ndogo. Aliuliza mengi kabla ya kusema lake. Kisha akasema huu ni ugonjwa wa kupanda na kushuka kwa hisia, wengine huuita baipola.

"Kupanda na kushuka?" Kaeli akasema, ndiyo mara ya kwanza kumsikia akitania baada ya muda mrefu. "Daktari, hiyo si ndiyo kazi yangu?"

Daktari akacheka, akavuta kiti karibu. Nitajaribu kuyaeleza aliyoyasema kama nilivyoyaelewa. Msinichukue mimi kama daktari. Alisema iko dawa inaitwa lithiamu. Kwa watu wengi inawazuia wasiwake kupita kiasi na wasizame, na inapunguza sana yale mawazo aliyomwambia mkewe. Kwa watu wengi, akarudia, si wote. Kisha akataja ubaya wake bila kuuficha. Mikono inaweza kutetemeka. Kiu, mkojo wa mara kwa mara, kunenepa. Baada ya miaka inaweza kusumbua figo na ile tezi ya shingoni, kwa hiyo damu lazima ipimwe, leo na siku zote. Na kiasi cha kutibu kiko karibu sana na kiasi cha kudhuru. Mtu akiharisha, akitapika, akitoka jasho jingi bila kunywa maji, dawa inapanda mwilini. Akipunguza chumvi ghafla, inapanda. "Na dawa za maumivu, hizi diklofenaki na ibuprofeni, usiziguse kabla hujaniuliza."

Ndeshi ndiye aliyesema, na mimi nisingelifikiria swali lile. "Na asipomeza kabisa, ubaya wake ni upi? Mbona huo hujautaja?"

Daktari akamwangalia. "Huo mama unaujua kuliko mimi. Lakini umefanya vizuri. Tuuweke hapa mezani pamoja na huu mwingine."

"Yaani nichague kichwa au figo," Kaeli akasema.

"Leo tuchague uwe hai. Figo tutazichunga pamoja, na siku zikilalamika nitakwambia, tutafikiri upya."

Kuhusu mlima, daktari alitaka Kaeli asipande kwanza. Baada ya damu yake kutulia kwa muda mrefu alimruhusu, kwa shingo upande, na akaniita mimi niingie. Aliniuliza tunakula nini huko. Nikamweleza supu ya maboga, uji wa tangawizi, mtori. "Supu yako ibaki ile ile, mpishi," akasema. "Usije ukamhurumia ukamwondolea chumvi." Nilikuwa kweli nimepanga kumwondolea. Nilidhani mgonjwa hula chakula baridi kisicho na ladha, kama tulivyozoea kuwapikia wagonjwa wote.

Basi akarudi mlimani, na alirudi ni mtu mtulivu. Alilala. Alisikiliza. Hakumfokea mtu. Mikono tu ndiyo ilitetemeka. Siku moja Shira, kwenye hema la kulia, alishika kikombe cha chai kilichojaa, chai ikaruka ikamwagikia ramani ya mgeni. Wagumu waliokuwa mlangoni hawakumwacha salama. "Mangi, hilo kayamba linapiga wimbo gani?" Akacheka nao. Ila tangu siku ile akawa hanywi kitu mbele ya watu, na huyu ndiye mtu aliyeambiwa asikose maji. Nilihangaika nalo. Kumwambia wazi ningemwaibisha. Nikaanza kumjazia kikombe nusu, halafu napita tena na birika, halafu tena. Hata mkono ukicheza, kikombe cha nusu hakimwagiki.

"Baba Anna, siku hizi unaninyima chai?"

"Birika limekuwa zito, mangi."

Akanitazama. Akanywa.

Lakini nisiseme dawa ilimpa tu, bila kumnyang'anya kitu. Tukiwa tumekaa juu ya mawe ya kambi ya Barranco, jua la mchana, aliniambia, "Naiona njia, naiona Kibo, naona kila kitu, lakini ni kama majani ya chai yaliyotiwa maji mara ya pili. Rangi ipo. Zamani nilikuwa nikiwaimbia wageni mpaka wanalia." Ni kweli, walikuwa wakilia. Nilipompelekea Ndeshi maneno hayo, sijui kama nilifanya vizuri, alijibu, "Hiyo chai ya pili ndiyo ninayoitaka mimi. Ile ya kwanza ilikuwa inatuunguza."

Wote wawili walisema ukweli. Mpaka leo sijui namna ya kuzipima kauli hizo mbili kwenye mzani mmoja.

Sasa sikilizeni hili kwa makini, maana hili ni la kwenu. Mnajua vidonge vya magoti, hizo hizo diklofenaki. Tukianza kushuka kuelekea geti la Mweka, magoti yanawaka, na kila mgumu ana pakiti mfukoni, tunagawiana kama pipi. Hakuna ubaya moyoni mwa anayetoa. Godlisten alimpa Kaeli vidonge hivyo tangu siku za mwanzo za safari moja, kwa sababu goti lake la kushoto lilikuwa limevimba. Kaeli alimeza. Nilimuuliza baadaye kwa nini, akasema alidhani diklofenaki ni ile ya sindano tu. Na safari hiyo hiyo alikuwa anaharisha, akalificha, maana mwongozaji anayekimbilia chooni huchekwa mpaka getini. Sahani zake zilianza kurudi na chakula. Nilimuuliza, akasema amechoka na boga. Nikamkaangia viazi. Navyo vikarudi. Na dawa yake aliendelea kuimeza kwa uaminifu, asubuhi na jioni, vile alivyoahidi.

Tulipofika kambi ya Barafu alikuwa anatembea miguu imepanuka, kama ndama aliyezaliwa leo. Mikono haitetemeki tena, inarukaruka. Ulimi mzito.

"Mlima umempata," Godlisten akasema.

"Au amekunywa?" mgumu mmoja akanong'ona.

Niliinama nikanusa pumzi yake. Hakuna kitu. Kaeli akanishika kola. "Si mlima," akasema, na kila neno alilisukuma. "Dawa. Nimeharisha. Nishusheni."

Nikaona uso wa Godlisten unabadilika. "Kaka. Na vile vidonge vya magoti?"

Hatukujua kwa hakika. Mlima, kwa hewa yake nyembamba, unaweza kumfanya mtu vile vile kabisa, ulimi mzito na miguu isiyotii. Lakini Godlisten alisema jambo ambalo nataka mlishike: "Kama ni mlima, tiba ni kushuka. Kama ni dawa, hospitali iko chini. Tunabishana nini?" Wageni wakabaki na wasaidizi wengine. Tukamfunga Kaeli kwenye machela ya tairi moja, wagumu mbele na nyuma, nami kando nikimpa maji kidogo kidogo pale alipoweza kumeza. Wale wale wa kayamba ndio waliomshusha, wanapokezana bila kuambiwa, na mmoja alikuwa analia na kukemea mawe ya njiani kwa Kichagga.

Hospitali walisimamisha dawa, wakamwekea dripu. Daktari wetu alifika, akasema tumemuwahi. Godlisten alipomwambia ni yeye aliyetoa vidonge, hakumgombeza. Alimwambia, "Sasa unajua. Waambie wenzako." Ndiyo maana na mimi nawaambia.

Kaeli alipotoka, ukoo ulikutana nyumbani kwake, kwenye nyasi mbele ya nyumba. Kaka yake mkubwa, ndiye aliyekuwa amekesha naye wodini kwa hiyo alikuwa na haki ya kusema, akaanza. "Dawa hii nusura imuue. Ugonjwa wenyewe haukuwahi kumlaza kwenye dripu. Itupwe." Mama yake, bibi mfupi mwenye kitenge, akasema, "Mimi nataka mwanangu anayeimba. Huyu amekaa kama mgeni kwangu." Wakanigeukia. Nikawaeleza niliyoyaona Shira, nikawaeleza niliyoyaona Barafu, na nilipofika mahali pa kusema kipi kizito zaidi, nikashindwa. Nilitamani sana kuwa mtu anayejua.

Kaeli alikuwa anachana jani la mgomba. "Mimi nimeshaamua," akasema. "Naiacha, narudi mlimani. Bora niwe mimi kwa muda mfupi."

Ndeshi akainuka, akashika panga, akaenda mpakani mwa kihamba, shamba la nyumbani, ambako mimea ya isale imepandwa. Akarudi na jani moja, akapiga goti, akalitia mkononi mwa mumewe. Nyie wa mjini mlionusurika na mila, niwaeleze: kwetu jani la isale huletwa na mtu aliyekosa, kuomba msamaha, na aliyeletewa hawezi kukataa.

"Umekosa nini wewe?" Kaeli akauliza.

"Sijakosa kitu. Ila ni jani pekee ambalo huwezi kunikatalia."

Hata kaka mkubwa alicheka. Ndeshi hakucheka.

"Sikuombi umeze, wala sikuombi uache," akasema. "Naomba usiamue ukiwa umewaka, wala ukiwa umegeukia ukuta, wala leo ukiwa bado na alama ya sindano. Twende kwa daktari ukiwa mzima, umuulize yote, na mimi nikiwepo. Utakachoamua hapo nitakubali. Lakini siku nikiona unaanza kupanda, nikukumbushe ulichoamua mwenyewe, na usinifokee. Hilo tu."

Jani lilikuwa linatetemeka mkononi mwake. Alilishika kwa mikono yote miwili, likaendelea kutetemeka. "Sawa, Manka," akasema. Ni jina analomwita wakiwa peke yao, na nadhani alisahau kwamba tupo.

Daktari aliwawekea njia zote. Kuacha, lakini taratibu na akiangaliwa, kwa sababu kuiacha ghafla hurudisha ugonjwa kwa nguvu. Kujaribu dawa nyingine, nayo ina madhara yake. Au kurudia hii hii kwa kiasi kidogo zaidi, na kuuacha mlima. Hakumchagulia. Kaeli alifikiri kwa wiki kadhaa. Kisha akampelekea Godlisten kofia yake ya mlimani, ile ya sufu aliyofumiwa na mama yake, akamwambia, "Itakutosha ukinyoa."

Siku hizi anawatembeza wageni huku chini, kwenye mashamba ya kahawa na maporomoko ya maji, na kila jioni analala kitandani kwake. Mlima ameupoteza, na sitaki kulitia hili sukari. Asubuhi mawingu yakifunguka, nimemwona akisimama katikati ya migomba akiitazama Kibo kwa uso ambao ukimkuta nao unaangalia viatu vyako. Upande wa pili, kamba ya ng'ombe imerudi kwenye msumari wake zizini. Imekuwa pale miaka sasa, na Ndeshi anaipita bila kuitazama.

Namjua mgumu mmoja, lithiamu ilimkataa kabisa, akabadilishiwa, naye yuko vizuri na anapanda. Kwa hiyo msiichukue habari ya Kaeli mkaifanya sheria ya kila mtu. Ninachojua ni kidogo. Mwenzenu akiwa na dawa ya kila siku, jueni ni ipi, na msimpe vidonge vyenu. Akiharisha, msimcheke. Na mkono wa mtu ukitetemeka, msimuulize mbele za watu. Mjazieni nusu, mrudi.

Wiki ijayo anakwenda tena kupimwa damu. Mara ya mwisho daktari alisema figo zimeanza kuchoka kidogo, watakaa wazungumze upya. Ndeshi ameshaandaa nguo ya safari. Sijui wataamua nini, na naogopa, nawaambia kweli.

Jana alikuja kwangu. Nilikuwa nimekaanga kahawa, tukakaa barazani. Nikammiminia, na kikombe kikalia kwenye kisahani kama kawaida yake.

"Birika bado zito?" akauliza.

"Bado, mangi."

Akanywa mpaka mwisho, akanyoosha tena kikombe.